Gundi Nyuma ya Mlango

Somoe alikuwa amelipita genge la nazi aliposikia anaitwa.

"We mama Munira! Ndala yako hii huku."

Akageuka. Muuza mkaa alikuwa amesimama katikati ya njia, ameshika ndala moja ya bluu. Somoe akatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na ndala. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, umejaa vumbi.

"Umeiacha pale kwenye mtaro," alisema muuza mkaa. "Umetoka peku mpaka huku. Unamuwaza nani?"

"Nakuwaza wewe na mkaa wako mbichimbichi," alijibu Somoe.

Walicheka wote wawili. Lakini alipokuwa anaivaa ile ndala, kicheko kilimwisha. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Mtu hupoteza ndala akinasa kwenye tope, au akikimbia mvua. Yeye alikuwa anatembea tu. Mguu unavuliwaje ndala, na mwenye mguu hajui?

Somoe aliishi Mbagala, katika nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita. Yeye na mumewe, Badru, walikuwa na vyumba viwili. Chumba cha nyuma walilala na binti yao Munira, mwenye mwaka na miezi minne. Bi Chausiku, mama yake Badru, alilala chumba cha mbele. Alikuja kutoka Kibiti kumlea mzazi, arobaini ikapita, na yeye akabaki.

Mchana chumba cha mbele kilikuwa karakana. Walitengeneza makubazi, viatu vya wazi vya ngozi. Badru alikata ngozi barazani, kisha akaenda kuuza sokoni. Somoe alikaa ndani, akapaka gundi, akabandika soli, akapanga shanga juu. Bi Chausiku alikaa uani na mtoto.

Zamani Somoe alifanya kazi hiyo mlango ukiwa wazi. Kisha, baada ya mwezi wa Ramadhani, Badru alianza kununua gundi ya kupima. Muuzaji aliimimina kutoka kwenye pipa, akawapa katika chupa ya mafuta ya kula. Haikuwa na karatasi wala jina. Ilikuwa rahisi, na ilikauka upesi kuliko ile ya kopo. Ila harufu yake ilikuwa kali.

Siku moja Rosalia, mpangaji wa chumba cha jirani, alikuja mlangoni ameshika kichwa.

"Jirani, samahani lakini," alisema. "Hiyo gundi yenu sie inatuua vichwa."

Somoe aliona haya. Kwao alifundwa kwamba katika nyumba ya kupanga, mtu mstaarabu hapigi kelele, hamwagi maji machafu mlangoni kwa mwenzake, wala hampelekei jirani harufu. Tangu siku hiyo alifunga mlango. Akafunga na dirisha. Akakunja kanga kuukuu, akaiziba nayo ile nafasi ya chini ya mlango. Harufu haikutoka tena. Rosalia alimshukuru.

Wala Somoe hakuwa na wasiwasi juu ya afya yake. Kila jioni Bi Chausiku alimpa kikombe cha maziwa.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Maziwa yanakata sumu. Mafundi rangi wote wanakunywa."

Somoe alikunywa mpaka tone la mwisho.

Miezi minne ikapita hivyo. Ganzi ilianza vidoleni mwa miguu. Mwanzoni ilikuwa kama umekalia mguu muda mrefu. Kisha ikaja michomo, kama sindano ndogondogo. Kisha ikapanda mpaka kwenye kifundo, miguu yote miwili kwa pamoja. Alipotembea, alihisi kama amevaa soksi nene. Akainama kutazama. Hakuna soksi.

Halafu mikono ikafuata. Shanga zilimponyoka. Kifungo cha gauni la Munira kilimshinda, akakifunga kwa meno.

Kila mtu alikuwa na jibu lake.

"Umechoka tu," alisema Badru. "Pumzika Jumapili."

Alipumzika Jumapili. Jumatatu ganzi ilikuwepo.

"Ni sukari hiyo," alisema muuza duka la dawa. Somoe akaenda zahanati, akapimwa. Sukari haikuwepo. Akarudi dukani, akauziwa vidonge vya vitamini. Akavimaliza. Ganzi ilikuwepo.

"Ni upepo mbaya," alisema Bi Chausiku. Akamchua kwa mafuta ya nazi. Baada ya wiki akaanza kusema mengine. "Kuna kitu kimemkalia huyu. Ganzi gani haina kidonda, haina homa?"

Somoe aliwasikiliza wote. Kila mmoja alisema kwa uhakika, na kila mmoja alisema lake. Usiku alijiuliza: labda naumwa kweli, labda najitia tu. Hakujua ashike lipi.

*

Siku ya Jumatano, saa kumi na moja jioni, Somoe alichanganya maji ya kumwogesha Munira. Alimimina ya moto kwenye beseni, akaongeza ya baridi. Akatumbukiza mkono, kama afanyavyo kila mama. Akaona yako vuguvugu. Yako sawa.

Akamnyanyua mtoto, akamshusha kwenye beseni.

Mguu mmoja wa Munira uligusa maji. Mtoto alipiga ukelele ambao Somoe hakuwahi kuusikia. Akamvuta juu haraka, akamkumbatia. Bi Chausiku alikuja mbio, akachovya kidole kwenye beseni, akakitoa papo hapo.

"Somoe. Maji haya ni ya kunyonyolea kuku."

"Mama, yako vuguvugu. Nimeyapima."

"Umeyapima kwa kitu gani?"

"Kwa mkono."

Bi Chausiku alimtazama mkono. Ulikuwa umeiva, mwekundu. Somoe naye aliutazama, kama mkono wa mtu mwingine.

Kilio kilimleta Sekela kutoka nyumba ya pili. Sekela alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kukumbusha watu chanjo na kliniki. Alikuta Bi Chausiku anatafuta dawa ya meno ampake mtoto.

"Hapana, mama, usimpake kitu," alisema Sekela. "Si dawa ya meno, si yai, si asali. Maji ya kawaida tu, mengi."

Walimwagia mguu wa Munira maji safi polepole, kwa dakika ishirini nzima. Mtoto akanyamaza. Ngozi ilikuwa imeiva kidogo, haikutoa lengelenge. Waliupoza na mkono wa Somoe vilevile.

Bi Chausiku alimchukua mjukuu, akamfunga mgongoni. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyomtisha Somoe.

"Sikulaumu, mwanangu. Unaumwa. Ila huyu nitakwenda naye Kibiti. Leo ni mguu. Kesho utamwangusha kisimani."

"Mama, bado ananyonya."

"Atanyweshwa uji."

Somoe akatazama vidole vyake. Hata yeye mwenyewe hakuiamini tena mikono yake.

Sekela aliwaacha wakae kwanza. Kisha akauliza, "Mama Munira, hujahisi joto kabisa?"

"Sijahisi."

"Na miguu?"

Somoe akaanza kueleza. Akaeleza ndala, soksi ambazo hazipo, shanga, sukari ambayo haikuonekana. Alieleza vibaya, akirukaruka, kwa sababu mambo yenyewe hayakuwa na mpango kichwani mwake. Sekela alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaokota unyoya wa kuku hapo uani.

"Nyoosha miguu. Fumba macho. Nikikugusa, sema ndiyo."

Akaugusisha unyoya kwenye goti.

"Ndiyo."

Akagusa kwenye muundi.

"Ndiyo."

Akagusa kwenye kifundo. Kimya. Akagusa unyayo. Kimya. Akapitisha unyoya katikati ya vidole, akarudi, akapitisha tena.

"Mbona hunigusi?" aliuliza Somoe.

Bi Chausiku ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Anakugusa, mwanangu."

Badru alikuwa ameingia wakati huo, begi la makubazi begani. Alisimama akitazama.

"Na wewe baba Munira, kaa hapa," alisema Sekela.

"Mie siumwi."

"Ndiyo maana nataka nikupime. Asiyeumwa haogopi unyoya."

Badru alikaa, anacheka. Goti, ndiyo. Kifundo, ndiyo. Unyayo, ndiyo. Vidole vya mguu, kimya. Sekela akahamia mguu wa pili. Vidole, kimya.

Badru alifumbua macho, kicheko kimemwisha. "Nilidhani ni viatu vinanibana," alisema.

"Tangu lini?"

"Kama mwezi. Siku za kazi nyingi huwa naingia ndani kumsaidia."

Bi Chausiku akanyoosha miguu yake mwenyewe. "Nipime na mie." Sekela akampima. Bi Chausiku alihisi kila kitu, mpaka akatekenyeka na kurudisha mguu.

"Basi tuseme ni jini," alisema Sekela. "Ni jini gani hilo linalomkamata mke mchana kutwa, mume siku za kazi nyingi tu, na anayeshinda uani halimtaki?"

Bi Chausiku akavuta kanga, akaifunika miguu yake.

"Mie si daktari," Sekela aliendelea. "Ila nionyesheni mnapofanyia kazi."

Somoe alifungua mlango wa chumba cha mbele. Sekela aliingia hatua moja, akarudi nyuma, macho yanamtoka machozi.

"Hii harufu unaivumiliaje?"

"Harufu gani?" alisema Somoe. "Mie siisikii."

"Pua yako imezoea. Imeacha kukuonya." Sekela akatazama chini. "Na hii kanga ya nini?"

"Kuzuia harufu isiende kwa wenzangu."

"Na wewe?"

"Mie nakunywa maziwa."

Sekela hakucheka. Alikaa kizingitini, akamvuta Somoe akae karibu yake.

"Hebu nisikilize. Harufu ya gundi unaiingiza kwa kupitia wapi?"

"Puani."

"Inakwenda wapi?"

"Kifuani."

"Kwenye mapafu. Kutoka pale inaingia kwenye damu, inazunguka mwili mzima. Na maziwa yanakwenda wapi?"

"Tumboni."

"Sasa yatakutana wapi? Sumu imepita mlango huu, maziwa yamepita mlango mwingine. Maziwa ni chakula kizuri, endelea kunywa. Ila hayaifuati sumu kwenye damu kuikamata."

Bi Chausiku alikohoa. "Mafundi wote wanakunywa."

"Ndiyo, mama. Wanakunywa, na wanaumwa."

*

Sekela aliwaandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa. Akawaambia wapige picha ile chupa na pale inaponunuliwa, wasiibebe yenyewe ndani ya gari la watu. Somoe asiguse gundi tena mpaka aonwe na daktari. Munira asiogeshwe na Somoe peke yake.

"Na ukilazimika kupima maji," alisema, "pima kwa kiwiko. Bila shaka huko bado unahisi."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye maswali mengi. Kwanza aliuliza kuhusu pombe, dawa, na magonjwa mengine. Kisha akauliza kuhusu kazi. Alitaka kujua chumba kina madirisha mangapi. Alitaka kujua Somoe anapaka gundi kwa kitu gani.

"Kwa kidole," alisema Somoe. "Brashi inamaliza gundi."

"Na unanawa kwa kitu gani?"

"Petroli."

Daktari aliandika. Alimpima damu. Akampeleka kwenye mashine inayopima mwendo wa taarifa kwenye mishipa. Ilimrusha kwa vishindo vidogo vya umeme. Siku waliyorudi kuchukua majibu, alichora mtu kwenye karatasi. Kutoka kichwani na mgongoni kwa yule mtu alichora mistari mirefu, mpaka kwenye vidole vya mikono na miguu.

"Hii ni mishipa ya fahamu," alisema. "Si ya damu. Hii inapeleka habari. Ukikanyaga mwiba, yenyewe inaupelekea ubongo habari. Ukitaka kunyanyua mguu, yenyewe inauletea mguu amri. Kwenu Mbagala maji ya bomba yakipungua nguvu, nani anakosa kwanza?"

"Wa mwisho wa bomba," alisema Badru. "Sie."

"Ndivyo ilivyo hapa. Mishipa ya miguuni ndiyo mirefu kuliko yote. Ikiharibika, mwisho wake hufa ganzi kwanza. Kisha mikono. Na huwa pande zote mbili, kwa sababu sumu iko kwenye damu, na damu haichagui upande."

"Ni gundi?" aliuliza Somoe.

"Gundi nyingine huyeyushwa kwa kitu kinachoitwa heksani. Ndicho kinachoifanya ikauke haraka. Hakipotei, kinapanda hewani, na wewe unakivuta. Mwilini kinageuka sumu ya mishipa ya fahamu. Hiyo chupa yenu haina jina, siwezi kuapa kilichomo. Lakini dalili, kazi, chumba kilichozibwa na vipimo vyote vinaelekea huko. Magonjwa mengine tumeyatafuta, hatukuyaona."

"Sasa dawa, daktari?"

"Hakuna sindano ya kuiosha. Dawa ni kuacha kuivuta. Kabisa. Halafu mazoezi, na subira. Mishipa hii huota upya, polepole sana. Inaweza kuzidi kidogo mwanzoni. Usiogope."

Aliwaambia pia kwamba gundi haiko peke yake. Madini ya risasi kutoka kwenye betri kuukuu, baadhi ya dawa za kuua wadudu, na pombe nyingi ya miaka, vyote huweza kuiharibu mishipa hiyo. Alimpima na Badru. Yake ilikuwa imeguswa kidogo. Akaagiza na Munira aletwe. Munira alikuwa mzima.

Walitoka pale wamepata jina la kitu, na hilo peke yake lilikuwa kama kuwekewa taa. Badru alichukua kazi yote ya viatu. Aliamua kushona soli kwa uzi na shazia, ile sindano nene ya ngozi, badala ya kubandika. Somoe alikatakata nyuzi, akashinda uani na mtoto. Bi Chausiku alikubali kungoja mwezi mmoja.

Mwezi ukapita. Somoe hakupata nafuu.

Alizidiwa.

Ganzi ilipanda juu ya kifundo. Nyayo zilianza kuburuzika. Alijikwaa hata pasipo na jiwe. Alitembea anashika ukuta. Mikono ilikosa nguvu, kanga ikawa inamvuka kiunoni kwa sababu fundo halikazi. Wiki ya sita alishindwa kumnyanyua Munira kutoka mkekani. Mtoto alinyoosha mikono juu, akangoja. Somoe alijaribu mara mbili. Kisha akalala chini kando yake, ili wawe sawa.

Sasa hakuelewa chochote. Walipokuwa kwenye gundi, alikuwa anatembea. Wameacha gundi, hatembei. Akili ingesema nini?

Bi Chausiku alikunja nguo za Munira, akazitia kwenye mkoba. "Ijumaa," alisema.

Alhamisi asubuhi Somoe alitoka msalani, akishika ukuta, akauona mlango wa chumba cha mbele. Ulikuwa umefungwa. Chini yake lilichomoza pindo la kanga.

Akagonga. Hakujibiwa. Akagonga kwa kiwiko, kwa nguvu.

Badru alifungua. Kidole chake kilikuwa na gundi.

"Baba Munira."

"Nina jozi arobaini za sikukuu," alisema Badru. "Kwa uzi natoa jozi nne kwa siku. Na nikwambie ukweli? Mie siamini tena hiyo habari ya gundi. Tumeacha, na ndiyo kwanza unalala. Kama ni moto tumeuzima, mbona unaungua?"

Somoe naye alikuwa na swali hilohilo, amelilalia siku arobaini.

"Sijui," alisema. "Ila nikiwa nimelala na wewe ukalala, Munira atabebwa na nani? Mama atakwenda naye Kibiti, na ataacha wagonjwa wawili. Toka humo kwanza. Toka, tukamuulize Sekela tukiwa nje."

Badru akatazama vidole vya miguu yake. Akaifunga chupa, akatoka.

Sekela alikuja na mkoba wake wa chanjo begani. Alimkuta Bi Chausiku na mkoba wa Munira mapajani, Badru ameegemea ukuta, Somoe chini kwenye mkeka. Akasikiliza.

"Daktari hakuwaambia kwamba inaweza kuzidi kwanza?"

Badru akamgeukia mkewe. Somoe akainamisha uso.

"Aliniambia. Alisema kidogo. Mie nikadhani kidogo ni siku mbili."

"Mie nilisikia subira tu," alisema Badru.

Sekela akamwendea Bi Chausiku. "Mama, ukipika wali, ukautoa mekoni, unaacha kuiva palepale?"

"Ah, hapana. Unaendelea. Sufuria bado ina moto wake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ipoe."

"Basi. Gundi tumeitoa mekoni. Sumu iliyokwishaingia kwenye mishipa inamalizia kazi yake. Wengine wiki kadhaa, wengine miezi miwili, mitatu. Halafu inasimama, na mshipa unaanza kuota. Ila mkirudisha sufuria mekoni," alimtazama Badru, "mnaanza upya. Na kesho nendeni hospitali, daktari amwone. Kuzidi huku kunategemewa, lakini ni yeye wa kusema, si mie."

Munira alikuwa anavuta uzi wa mkoba. Bi Chausiku akaufungua, akatoa gauni moja, akalikunjua, akalitazama.

"Kibiti haihami," alisema. "Nitakaa mpaka hiyo sufuria ipoe."

*

Daktari aliwaambia yaleyale, kwa maneno yake. Akamwonyesha Somoe mazoezi ya nyayo na vidole, na namna ya kujikagua miguu kila jioni, kwa sababu mguu wenye ganzi hukatwa na kigae bila kulia.

Jioni hiyo Somoe alimwendea Rosalia, akishikwa mkono na Badru. Walitaka awasaidie kuomba mahali pa kufanyia kazi, penye upepo. Wakaeleza sababu.

Rosalia akautazama mlango wa chumba cha mbele.

"Kumbe ile kanga ulijizibia kwa ajili yangu?"

"Hukunituma, jirani. Nilijituma."

"Ungeniambia tukae tuitafutie dawa. Mie nilitaka harufu ipungue. Sikutaka uimalize yote peke yako."

Ni Rosalia aliyekwenda nao kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akawapa upande wa nyuma wa kiwanja, mbali na vyumba vya watu. Badru alisimamisha nguzo nne na bati juu, bila kuta. Soli nyingi alizishona. Pale ilipolazimu gundi, alitafuta ya kopo, yenye jina na maelezo, na akaanza kujaribu gundi ya maji. Alipaka kwa brashi, akavaa glavu, akafunika kopo kila alipochovya. Alinawa kwa sabuni, petroli akaiachia pikipiki. Fundi mwenzake alipomshauri avae barakoa ya kitambaa na abaki ndani, alimwambia, "Kitambaa kinazuia vumbi, braza. Mvuke wa gundi unapita humo kama moshi kwenye chandarua."

Oda za sikukuu hazikutimia zote. Wateja wengine walinuna, wengine walingoja.

Mwezi wa tatu tangu Somoe aache gundi, ganzi ilisimama. Haikupanda, haikushuka. Mwezi wa nne michomo ilirudi vidoleni, na Somoe akalia kwa hofu, mpaka daktari alipomwambia kwamba mara nyingi mshipa unaoamka huanza kwa kelele. Mwezi wa tano aliachia ukuta. Vidole vya Badru vilikuwa vimepona kabla ya hapo. Mwezi wa sita Somoe alimnyanyua Munira, sasa mzito zaidi, akamweka nyongani, akatembea naye mpaka kwa Rosalia na kurudi. Ncha za vidole vyake bado zilikuwa nzito, na kifungo kidogo bado kilimchelewesha. Daktari alisema huenda ikachukua mwaka, huenda zaidi, na huenda kidogo kikabaki.

Mwezi wa nane Bi Chausiku aliaga. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Alibeba mkoba wake mmoja, wenye nguo zake tu. Alikuwa amefika kwenye geti aliposikia Somoe anamwita.

"Mama, miwani yako."

Somoe alitoka peku, mtoto nyongani, miwani mkononi. Akavuka kivuli cha bati, akaingia kwenye saruji iliyopigwa na jua tangu asubuhi. Hatua ya tatu akasimama. Akanyanyua mguu mmoja. Akaushusha, akanyanyua wa pili.

"Una nini?" aliuliza Bi Chausiku.

"Panaunguza."

"Wapi?"

"Chini. Panaunguza, mama."

Bi Chausiku aliweka mkoba chini. Alirudi mpaka pale, akamtazama mkwewe usoni, kisha miguuni.

"Unaniambia kweli, au unataka niondoke kwa raha?"

"Kweli. Mpaka unyayoni."

Bi Chausiku akapokea miwani, akaivaa polepole. Akambusu Munira shavuni.

"Sasa unangoja nini juani?" alisema. "Ondoka, utaungua."

Somoe alisimama hapo kidogo zaidi. Kisha akamkumbatia mtoto vizuri, akaruka kuingia kivulini.